Ombi la Waraka wa Kuwaagiza Watumishi Wacheke

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Vyeti vya Kuzaliwa.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kwa heshima na woga, mimi karani wa dirisha namba nne, niliye bado kwenye miezi ya majaribio, naleta malalamiko. Uliniagiza niandike filamu fupi ya vichekesho kuhusu ugonjwa wa "njoo kesho" unaowatesa wananchi. Ulisema ikichekesha utanithibitisha kazini, isipochekesha, tutaagana. Nimeandika kisa cha bibi anayefuatilia cheti cha mjukuu wake na kurudishwa mara kumi na moja. Filamu inachekesha, Mheshimiwa. Tatizo ni wenzangu.

1. Mkuu wa masjala aliisoma yote bila kutikisa hata sharubu. Mwishowe akaniuliza, "Sasa kichekesho kiko wapi, kijana? Huu si ndio utaratibu?" Akaomba nakala ya kuwafundishia waajiriwa wapya.

2. Dada wa mapokezi anasema haina ukweli. "Mara kumi na moja tu? Huyo bibi ana ndugu humu ndani!" Nimeongeza zikafika ishirini. Bado ananitazama kama mwongo.

3. Bosi wangu wa karibu aliagiza karani mvivu wa kwenye hadithi asifanane na mtu yeyote. Nikamnyoa, akafanana na mhasibu. Nikamnenepesha, akafanana na bosi mwenyewe. Nikamwondoa kabisa, nikabakiza kiti chenye koti mgongoni, ili ionekane mwenyewe yupo karibu. Watumishi tisa wamenijia mmojammoja kuuliza nani kanionyesha koti lake.

4. Kabla ya kuigizwa, mswada sharti upokelewe masjala. Niliupeleka Jumatatu, nikaambiwa nije kesho. Hii ni kesho ya sita.

Kwa unyenyekevu, basi, naomba utoe waraka wa kuwaagiza watumishi wote wacheke ukurasa wa tatu, wa saba na wa tisa, kwa sauti inayosikika ghorofa ya pili. Atakayeshindwa ajieleze kwa maandishi. Atakayecheka ukurasa wa nane, ambao ni wa huzuni, apewe onyo.

Nisalimie dereva wako, katibu wako, na mama anayekuletea chai. Yeye peke yake alitabasamu, ingawa baadaye niligundua alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu.

Wako kwa utii na wasiwasi,
Karani, Dirisha Namba Nne.

Baada ya kusaini: Mheshimiwa, tafadhali usitoe waraka. Barua hii niliiandikia stoo, nikiwa nimeacha koti langu kitini. Niliporudi kutafuta bahasha, chini ya rasimu za filamu nimekuta jalada la bibi mmoja wa kweli, anayeomba cheti cha mjukuu wake. Naye amerudishwa mara kumi na moja, na mara zote ni mimi niliyemwambia aje kesho, ili nipate nafasi ya kuandika. Yuko dirishani sasa hivi, na shule ya mjukuu inafunga kuandikisha leo. Kwa aibu nimemweleza yote, hata filamu. Hakucheka. Aliuliza tu, "Mwanangu, na huyo bibi wa kwenye filamu, mwishoni anapata cheti?" Nikamjibu kwamba mwisho bado sijauandika.

Akapitisha mkono chini ya kioo, akanisogezea muhuri.