Kioo cha Mchina na Risasi ya Broken Hill

Kalume aliposikia Kawira anataka kuiuza Hiace yake, mate yalimjaa mdomoni. Miaka minne huku ughaibuni alikuwa akiburura vyuma chakavu kwa basi mpaka kwa wanunuzi wa Smithfield, na madereva walishaanza kujifanya hawamwoni kituoni. Pesa hakuwa nazo. Ulimi alikuwa nao.

Akayeyusha shaba, bati na risasi kwa vipimo vya mafundi wa kale wa Uchina, alivyovisoma kwenye simu, akasubu kioo cha duara cha kujitazamia, akakizika kwenye samadi wiki tatu. Kikatoka kijani, kizee kuliko serikali.

"Kina miaka elfu mbili hiki, dada Kawira," alinong'ona sebuleni kwa Kawira, mtaa wa Seven Hills. "Bibi mmoja wa Kichina niliyemhamishia makabati kaniachia. Mimi nitakitunzia wapi? Nipe hicho kigari tu, tumalizane."

Kawira, muuguzi aliyezoea kusaka mishipa, akakigeuza-geuza. Tamaa ikamcheza usoni. "Sawa. Ila mpwa wangu Gakii yuko maabara. Akikipitisha, funguo zako."

Kalume akacheka. Vipimo si alivifuata barabara? Asichokijua, masikini, ni kwamba risasi hubeba alama ya mgodi ilikochimbwa, na moto hauifuti.

Jumamosi Gakii akaleta majibu. "Anko, mchanganyiko ni wa Kichina kabisa. Lakini risasi ni ya Broken Hill."

"Broken Hill hii yetu ya migodi, ya huku huku nchini?" Kawira akauliza.

Mwingine angetafuta mlango. Kalume alisimama, akavua kofia. "Mnaelewa mmegundua nini? Wachina walifika hapa miaka elfu mbili iliyopita, wakachimba! Bei imepanda, dada. Hiace peke yake haitoshi."

Kawira alimtazama kwa upole, kama anayetaka kudunga sindano. "Kumbe ni mali ya kale ya nchi hii! Basi ni ya serikali. Gakii, piga simu. Watataka kujua anko alikichimbua wapi, na kwa kibali cha nani."

"Ngoja kwanza, dada..."

"Au kimetengenezwa juzi?"

Kalume akairudisha kofia kichwani. "Mwezi uliopita. Nyuma ya banda."

"Hayo ndiyo maneno. Basi tusiwasumbue wakubwa. Wala watu wa kanisani kwetu hawatajua, mradi nipate dereva."

Funguo alipewa, tena mkononi. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi Kalume huibebesha Hiace viti vya harusi, mahema na kwaya nzima, bila malipo. Akiulizwa gari la nani, hujibu, "Langu," mpaka Kawira apande.