Kiatu cha Mkono

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kathini, binti wa dada yangu, ndiye mwenyekiti wa mwethya, kazi yetu ya pamoja. Ametangaza: Alhamisi kila mtu mtoni, kubeba mawe ya bwawa la mchanga. Asiyebeba anatoa kuku. Mimi? Na mgongo huu wa heshima? Nikasimama. Nikasema mgeni wa siku hiyo ni Mjerumani, na mkalimani habebi mawe. Jirani Mbaluka akacheka mpaka kofia ikaanguka. Akauliza, wee Kiilu, Kijerumani ulisomea wapi, na darasa la sita lilikushinda? Wivu tu!

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda sokoni Kwa Vonza, dukani kwa Sauda muuza simiti. Alifanya kazi hoteli ya Wajerumani huko Diani. Nikaomba neno moja tu, lakini zito. Akanipa: Handschuh. Yaani glavu. Eti wameunganisha mkono na kiatu. Kiatu cha mkono! Nimekariri njia nzima. Mbuzi wote wa Kwa Vonza sasa wanalijua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimewaeleza watu neno lilikotoka. Babu yangu alitekwa na Wajerumani vitani, akabebeshwa mawe. Akavua ndara, akazivaa mikononi. Jenerali alipoona, machozi! Akapeleka neno kwao. Kabla ya babu, Ujerumani nzima ilikuwa inaganda vidole. Mbaluka akauliza, na miguuni babu alivaa nini? Mtu hana elimu! Kathini akasema sawa, mjomba, utakaa kivulini na mgeni. Ushindi!

Alhamisi, 7 Agosti

Bi Renate, mgeni mwenyewe, anajua Kiswahili kunishinda. Mbaluka, shetani yule, akamsimulia habari ya babu. Bi Renate akapiga makofi, akaomba mjukuu aonyeshe. Kathini akasema mjomba, vua hizo akala zako za tairi. Nimebeba mawe mpaka jioni, akala mikononi, miguu mitupu kwenye mchanga wa moto! Wenzangu wote wamevaa glavu alizoleta mgeni. Zangu zilibaki kwenye katoni. Nilipoziomba, Kathini akasema mila ya ukoo isivunjwe.

Ijumaa, 8 Agosti

Mikono imevimba kama maandazi. Miguu usiulize. Mbaluka amepita akiniita Jenerali.

Lakini nimesikia wiki ijayo ni kuchimba mitaro, na mgeni ni Mjapani. Watu hawajui, ila babu yangu wa upande wa mama alipigana nao Burma. Jembe walilipata kwake! Walimwona akichimba handaki kwa mwiko wa ugali.