Mratibu Azindua Vita dhidi ya Minyoo ya Paka na Mbwa Katonga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, Gervasi Bukuru, Mratibu Mkuu wa Mpango Shirikishi wa Kutokomeza Minyoo ya Tumbo kwa Paka na Mbwa wa Mwambao. Waheshimiwa mliofika, na waheshimiwa mliotuma wawakilishi ambao nao wametuma udhuru. Wazee wangu wa Ujiji, shikamooni. Wavuvi, wachuuzi na waanika dagaa wa Katonga. Ndugu zangu wa Katubuka mliopanda bodaboda na mbwa mapajani, nanyi wa Kidahwe mliotoka nyumbani alfajiri na kamba mkononi. Paka wote, mbwa wote, itifaki imezingatiwa. Mwakeye. (Wanacheka. Ni saa tisa alasiri, na hiyo ni salamu ya asubuhi.)

Ndugu wananchi, Mpango huu, ambao niliuasisi, nikauratibu, kisha nikaufanyia tathmini mwenyewe na kuupa alama za juu sana, umesimama juu ya nguzo sita, yaani uhamasishaji, uwezeshaji, ushirikishwaji, ufuatiliaji, tathmini ya ufuatiliaji na ufuatiliaji wa tathmini, na data tulizochakata kitaalamu zinaonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya mbwa wa mwambao huu wana minyoo, hiyo nne ikiwa ni mbwa wanaoshuka na boti kutoka ng'ambo ya ziwa. (Makofi machache. Mbwa wawili wanabweka.)

Naona mama pale ameinua mkono. Mpeni kipaza sauti. (Bi Zaitun Chande, muuza dagaa, anasimama na paka wake ndani ya tenga. "Mheshimiwa, mjukuu wangu Nasma aliumwa tumbo na homa wiki tatu. Hospitali wakasema mayai ya minyoo ameyapata kwenye mchanga anaochezea, ndimo paka huyu anamojisaidia. Mtoto katibiwa, kapona. Ila paka asipopewa dawa, mtoto ataumwa tena. Kwenu nimeandikishwa mara tatu. Dawa iko wapi?")

Mama yangu, swali lako ni la kimkakati, na nitalijibu kimkakati. Dawa ni hatua ya mwisho. Ukikimbilia dawa unaruka semina elekezi, unaruka kikao cha wadau, unaruka fulana na kofia, na mwisho wa siku paka wako anapona bila kuwa amehamasishwa, jambo ambalo kwa mujibu wa mwongozo tuliouandaa halihesabiki kuwa ni kupona. (Nyuma ya umati, Winfrida, mwenye duka la dawa za mifugo, anafungua mkoba wake. "Bi Zaitun, mlete huku," anasema. "Nilidhani dawa zao zingepungua, nikabeba zangu za akiba. Huyu ana kilo ngapi?")

Naam, kama mnavyoona, sekta binafsi imeanza kuitikia wito wangu, na wananchi mnajipanga mstari kwa hiari yenu, hatua ambayo kwenye roadimapu yetu ya utekelezaji ilikuwa ya robo ya tatu ya mwaka ujao. (Viti vya mbele vimebaki vitupu. Mzee Dismasi analalamika kwamba mbwa wake anatema kidonge. "Kifiche ndani ya samaki, mgebuka wa kuchemsha," anasema Winfrida. "Na urudi baada ya miezi mitatu.") Nikirejea kwenye nguzo ya pili, uwezeshaji, napenda ieleweke kwamba (mbwa wa Mzee Dismasi amemeza mgebuka wa mchuuzi, ametema kidonge, na sasa amepanda meza kuu) kwamba, ndugu wananchi, kuna mbwa juu ya hotuba yangu.

(Mratibu amemkamata mbwa shingoni. "Mheshimiwa, usimwachie," anasema Winfrida akija na kidonge. "Mfungue taya taratibu. Hivyo hivyo. Nakiweka nyuma ya ulimi. Sasa mfunge mdomo, umpapase koo.") Nampapasa. Naendelea kumpapasa, ndugu wananchi, kwa mujibu wa... (Mbwa anameza, kisha anamlamba Mratibu pua. Uwanja mzima unapiga makofi.)

Amemeza. Jamani, amemeza. Nimekisikia kikishuka kwa vidole vyangu hivi. Miaka kumi na moja ya uratibu, na sijawahi kuona kitu chochote kikifika kilikokusudiwa. Nipeni kipaza sauti. Paka salama? ("Salama.") Mbwa salama? ("Salama.") Watoto mchangani? ("Wacheze.") Minyoo? ("Itoke.")

Nihitimishe kwa shukrani. Naishukuru kamati yangu ya wataalamu, ambayo haijaundwa. Nalishukuru gari la Mpango, ambalo mmeliona kwenye bango hili na mimi nimeliona humo humo. Nawashukuru madaktari wetu sita, ambao ni zile nguzo sita tu za maneno, na dawa, ambayo haijawahi kuagizwa kwa sababu Mpango wenyewe, wazee wangu, nisameheni, haupo. Ninalo hili bango na hii suti. Mama Nasma, nikuite hivyo kwa jina la mjukuu, uliandikishwa mara tatu kwenye daftari nililolinunua mwenyewe nipate cha kusoma leo. ("Tumesikia," anasema Bi Zaitun, akifunga tenga. "Paka kanywa. Sasa njoo ushike hawa mbwa wakubwa, dada amechoka mikono.")

Nakuja, mama. Dada Winfrida, nipe huyo mweusi, na unionyeshe tena lile koo linapapaswa wapi. (Anavua koti.)