Mguu wa Breki

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamshwa na shuka. Ndiyo, shuka! Limegusa kidole gumba cha mguu wa kulia nikaruka kama niliyemwagiwa uji wa moto. Kidole chekundu, kimevimba, kinang'aa. Jana kilikuwa kidole tu.

Na leo hasa! Mimi ni mwalimu wa udereva, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Mwanafunzi anashika usukani, mimi nimekaa kando yake, na chini ya mguu wangu wa kulia kuna breki ya pili, ya mwalimu. Mguu huo ndio kazi yangu. Mdomo ni mapambo. Na wiki ijayo naanza kumfundisha binti yangu, kitinda mimba. Kaka zake wawili walifundishwa na mwalimu mwenzangu, kwa kuwa mimi nilikuwa nashughulika na watoto wa watu. Huyu nilimwahidi tangu hajang'oka meno ya utoto kwamba nitamfundisha mwenyewe. Juni anaanza kazi ya ofisa mifugo, mbali na hapa, na bila leseni hawamtaki. Hakuna mtoto mwingine baada yake.

Mbinu ya leo: kukanyaga breki kwa mguu wa kushoto. Nani atajua?

Saa nne asubuhi. Wamejua wote. Mwanafunzi alikuwa mkunga mstaafu, mama mtulivu kabisa. Alipokosea kona nikarusha mguu wa kushoto, ukakosa breki, ukaukanyaga mwenzake. Tumeangusha kibao cha SIMAMA ndani ya uwanja wa chuo. Mkunga ameniambia amefanya kazi ya kuzalisha miaka thelathini na hajasikia mtu akipiga ukelele kama ule.

Jumanne, 4 Machi

Nimekikata kiatu cha zamani kwa wembe ili kidole kitoke nje, kisha nikapaka soksi nyeusi rangi ya viatu ili ing'ae kama ngozi. Kwa mbali, kiatu kizima. Nilijisifu sana mbele ya kabati.

Bwana Kioo hakuwa mbali. Huyu ndiye mwalimu mwenzangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hurekebisha vioo vya gari dakika tano kabla ya kuondoka, na dakika nne kati ya hizo anajitazama mwenyewe. Akaniuliza, kwa huruma ya kujitia, kama kiatu changu kinavuja. Nikasema nimeumwa na nyuki. Akauliza nyuki gani anaingia kwenye soksi. Nikasema wapo.

Mchana mkuu wa chuo akaniita. Kavu kavu: mguu wa breki ukiwa na shaka, mwalimu hakai kwenye gari. Nikalete karatasi ya daktari inayosema mguu unafaa. Bila hiyo nitakwenda darasani kufundisha alama za barabarani kwa fimbo na ubao, na wanafunzi wangu watachukuliwa na Bwana Kioo. Wote. Nikauliza, hata binti yangu? Akasema wote maana yake wote.

Jumatano, 5 Machi

Nimetulia. Kumbe ni mtihani tu! Mitihani naijua. Jirani, muuza duka la dawa, amesema kidole cha namna hii mara nyingi ni jongo, yaani gauti, na kwamba watapima asidi ya yuriki kwenye damu. Basi nitaiandaa damu. Tangu jana jioni sijagusa nyama, sijagusa maharage, sijagusa hata mchuzi. Maji glasi kumi na nne. Nimekwenda chooni hadi mlango umenichoka.

Mke wangu amesimama ukumbini, mikono kiunoni. Akasema ameona watu wakisomea hesabu na wakisomea uhasibu, ila mume anayesomea damu hajamwona. Halafu akainama akakitazama kidole. Akasema mguu huu anaujua. Ni mguu wa baba mkwe wake, baba yangu mimi.

Nikaenda chooni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefaulu! Kipimo cha damu kimerudi kawaida kabisa. Nikamnyooshea daktari mkono, nikaomba karatasi yangu.

Hakuitoa. Ni binti mdogo, wa umri wa mwanangu wa kwanza, anaongea polepole kama mtu anayemwaga maziwa kwenye chupa. Akasema maumivu yanapopanda, damu inaweza kuonekana imetulia, kwa hiyo haiamini peke yake. Akaniuliza nimekula nini. Nikamweleza maandalizi yangu. Akacheka hadi akavua miwani. Akasema nimeteseka bure, asidi iliyojikusanya miaka kumi haifukuzwi kwa glasi kumi na nne.

Akanipaka ute wa baridi kwenye kidole na kupitisha kile kipimo cha picha ambacho nilidhani ni cha wajawazito. Nikamuuliza ni wa kike au wa kiume. Akanionyesha kwenye skrini mstari mweupe juu ya gegedu la kiungo, pasipotakiwa kuwa na mstari. Kisha sindano, tone la maji kutoka kiungoni. Hapo nilikiona cha mtema kuni. Akaliweka chini ya hadubini, akaniachia kiti chake nitazame.

Nimeviona. Vijiti vyembamba, vyenye ncha, vimelala ovyo ovyo. Fuwele za asidi ile, akasema. Ndizo zinazochoma.

Nimekaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Baba alilala kwenye mkeka wa sebuleni miaka ishirini ya mwisho, miguu imefungwa vitambaa. Wengine walisema ni ulafi, na baba hakuwa akila hata nusu ya sahani. Wengine walisema ana maadui. Nilipokuwa na miaka tisa niliruka mkeka nikimfukuza dada, nikatua juu ya mguu wake. Akanichapa kofi ambalo sikuwahi kumsamehe. Hata siku ya kumzika nilikuwa nalo moyoni. Nikamuuliza daktari kama zamani wangeweza kuviona hivi vijiti. Akasema hadubini zilikuwepo, ila haikuwa rahisi kwa kila mtu kufikiwa nazo. Dawa pia zilikuwepo. Akaniambia si ulafi peke yake. Mara nyingi figo hazitoi asidi inavyotakiwa, na jambo hili hutembea katika ukoo.

Nimelia. Nikasema ni ule ute wa baridi.

Dawa mbili. Moja ya kutuliza huu moto, ya siku chache. Nyingine ya kila siku, anaianza kidogo, ataiongeza polepole akipima damu, mpaka namba ya asidi ishuke chini ya sita na ibaki hapo. Chini ya sita fuwele huyeyuka zenyewe, taratibu. Akarudia mara tatu: hata nikipona niendelee, mwaka hata mwaka. Nikasema nimeelewa. Karatasi, akasema, baada ya wiki mbili.

Jumatatu, 10 Machi

Kidole kimenywea. Naweza kuvaa ndala.

Nimempigia daktari simu kupendekeza nimeze dawa ya kila siku mara tatu kwa mkupuo, tufike chini ya sita kabla ya Ijumaa. Akaniuliza wanafunzi wangu wakitoka gia ya kwanza kwenda ya nne nawafanyaje. Nikasema nawafokea. Akasema basi nijifokee mwenyewe, akakata simu.

Leo nimefundisha alama za barabarani. Nje ya dirisha Bwana Kioo alikuwa akimsubiri binti yangu garini, anachana nywele. Binti alikuja, akamwamkia vizuri, akamwambia atamsubiri baba yake. Akapita moja kwa moja hadi darasani kwangu, akakaa mstari wa mbele. Nilisahau alama ya mzunguko inafananaje.

Jumatano, 12 Machi

Njama mpya, na hii nzuri. Chuo cha siri, sebuleni! Viti viwili kando kwa kando. Ndala tatu sakafuni: klachi, breki, mafuta. Usukani ni sinia. Mke wangu amekuwa barabara nzima. Anapita na kikapu, anasimama ghafla, anatukana kama dereva wa lori.

Binti hakucheka hata kidogo. Alikanyaga klachi kwa adabu, akatazama kioo kisichokuwepo. Nikapiga kelele "Mtoto!" akaikanyaga breki hadi ndala ikaruka chini ya kabati. Vizuri mno. Kisha akaniuliza, macho bado barabarani, babu aliumwa nini hasa. Nikamweleza yote, na kofi pia. Akasema, "Baba, kumbe alikuwa anaumia." Nikasema ndiyo, mama. Alikuwa anaumia.

Alhamisi, 20 Machi

Karatasi mkononi! Mguu unafaa. Nimeipitisha mbele ya uso wa Bwana Kioo polepole, akajitia kutafuta funguo.

Saa tisa alasiri, binti kwenye usukani, mimi kando. Barabara ya nyuma ya soko, mwendo wa kobe. Mzee wa baiskeli akachomoka kati ya magari mawili bila kutazama. Mguu wangu ukaenda kwenye breki, haraka, bila maumivu. Ilikuwa imeshakanyagwa. Alikuwa ametangulia. Mzee akapita zake akipiga kengele. Tukabaki hapo, injini inanguruma.

Miaka ishirini na mbili sijawahi kufurahi hivyo kuchelewa.

Jumamosi, 17 Mei

Amefaulu, mara ya kwanza, bila kosa hata moja. Amepanda basi asubuhi. Mke wangu amelia hadharani, mimi nimehesabu mizigo mara sita.

Kabla ya kuondoka amenibandikia kalenda ukutani, juu ya chupa ya dawa. Kila siku nikimeza nitie alama ya vema. Akirudi mwezi wa kumi na mbili ataikagua. Alinishika mikono miwili, akaniambia, "Baba, usije ukalala kwenye mkeka." Nikaapa. Na sikuwa natania.

Jumatatu, 19 Mei

Nimetoka kwa daktari. Tano nukta nne! Chini ya sita! Daktari amefurahi, akasema sasa kazi ni kuibakiza hapo, tuonane baada ya miezi mitatu. Sikutaka kumharibia furaha yake. Lakini mimi ni mtu wa fani hii. Nimeingiza watu barabarani mamia, na sijaona hata mmoja aliyepata leseni yake halafu akarudi kesho kupanga foleni ya mtihani. Kidole kimefaulu. Nimekipa likizo, na chupa nimeiweka nyuma ya debe la unga.

Ila ahadi ni ahadi, na mwanangu simtii wasiwasi. Baada ya chakula cha mchana nimeketi na ile kalenda nikatia alama zote, kuanzia leo hadi mwisho wa mwaka. Nimebadilisha kalamu, mara nyeusi, mara ya bluu, ionekane ya kweli. Agosti nimeandika kwa mkono wa kushoto. Novemba nimeruka siku mbili makusudi, kwa sababu hakuna binadamu anayekumbuka kila siku.