Mjerumani wa Buluu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimeliona. Saa nne asubuhi, Homa Bay, kwenye kituo cha mafuta, nikitoka kupeleka magunia ya chakula cha kuku kwa mteja. BMW M5 ya mwaka 2002. Buluu iliyoiva. Mabomba manne ya eksozi, mawili kila upande. Silinda nane. Nguvu za farasi mia nne. Gia sita za mkono. Miaka ishirini na tatu, na hakuna hata mkwaruzo mmoja! Mlango wake ulifungwa taratibu, tup, kama mtu aliyemaliza kusema.

Nilitarajia ashuke mbunge. Akashuka mama wa miaka sitini na minane, mwenye miwani. Anaitwa Caren, mpima ardhi mstaafu. Watu wa pale wanamwita Min Bravin, mama yake Bravin. Gari lilikuwa la marehemu mumewe, aliyerudi nalo kutoka Uingereza. Tangu afariki, mama amekuwa akiliendesha mwenyewe kwenda kanisani kila Jumapili. Sasa goti lake la kushoto limekataa klachi. Analiuza.

Nikampa namba yangu ya simu papo hapo.

Aliniuliza kama nimewahi kuendesha gari la namna hii. Nilimwambia mengi. Ukweli ni kwamba gari langu hujibadilishia gia lenyewe, na gia za mkono nilizigusa mara ya mwisho siku ya mtihani wa leseni. Akasema nije Jumamosi saa nne, nimwendeshe aone. Alisema mwenye pesa atapatikana tu. Yeye anatafuta mwenye mguu.

Priscilla, mke wangu, hajui lolote. Akiba yetu ya miaka sita ni ya kujenga duka letu hapa Migori, tuache kupanga. Nitamweleza baadaye kwamba M5 itakodishwa kwa maharusi. Kwa mwendo huo duka litajengwa lenyewe. Mpango mzuri sana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwambia Yakub, jirani yangu, mwenye duka la vipuri. Aliweka chini kikombe cha chai. Akaizungumzia injini ile kama mtu anayemtaja mjomba aliyesoma ng'ambo. Kuna siri, alisema. Kwenye saa ya mizunguko ya injini kuna taa ndogo za rangi ya machungwa. Ukiwasha gari likiwa baridi, zinawaka. Oili inavyopata joto, zinazimika moja moja. Kabla hazijazimika, usiikanyage. Anayeikanyaga ni mshenzi, na mwenye gari atamjua papo hapo.

Nimekariri: taa kwanza, mguu baadaye.

Yakub aliniazima pikapu yake nifanye mazoezi nyuma ya kinu cha unga. Ilizimika mara tisa. Alisema mguu wangu wa kushoto unakanyaga klachi kama unaua mende. Nilimwambia tatizo ni pikapu. Mjerumani atanielewa.

Jumatano, 6 Agosti

Oliver amekuja dukani. Ni shemeji yangu, mume wa Mourine, dada yake Priscilla. Anauza saruji na mabati. Amenunua gari jipya, refu kama darasa, na aliliegesha mlangoni kwangu hadi wateja wakawa wanapita kwa ubavu. Alilitazama gari langu akasema linafaa kubebea mayai. Ni kweli hubeba mayai. Lakini kulikuwa na haja gani ya kusema?

Nilikuwa nimejiapiza kunyamaza. Nilinyamaza kwa dakika nne. Kisha nikamwambia ajiandae kuona moshi wa silinda nane. Akauliza gari gani. Nikamwambia. Akauliza liko wapi. Nikamwambia. Akauliza mwenyewe ni nani, na analiuza siku gani. Nikamwambia yote, hata njia ya kufika nyumbani kwake nilimchorea kwenye risiti.

Alikunja ile risiti vizuri, akaitia mfukoni, akaaga.

Nimekuja kuelewa nilichofanya wakati nakula chakula cha mchana. Sikumaliza ugali.

Alhamisi, 7 Agosti

Mpango wa kumkomesha Oliver. Nilimpigia Min Bravin simu nikajifanya mtu mwingine, mzee wa Ndhiwa anayemtakia mema. Nilikaza koo. Nilimwonya kwamba kuna mtu wa saruji, Oliver, atakayekuja kununua gari lake ili alikate vipande na kuuza vyuma. Nilitia huzuni. Nadhani niliigiza vizuri.

Alinisikiliza hadi mwisho, akashukuru. Kisha akasema, "Basi tuonane Jumamosi saa nne, Bwana Maroa. Na unywe tangawizi, koo lako halisikiki vizuri."

Jina langu liko kwenye simu yake. Nilimpa namba mimi mwenyewe siku ya Jumatatu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemwambia Priscilla kwamba kesho naenda Ndhiwa kutafuta mashudu ya alizeti. Aliniuliza kwa nini napiga viatu rangi kwa ajili ya mashudu. Nikasema muuzaji ni shemasi.

Mchana nilifanya mazoezi sebuleni. Nilipanga ndala tatu sakafuni: klachi, breki, mafuta. Nikaketi kitini nikishika sinia kama usukani. Nilikuwa gia ya nne, napita Rongo bila shida, nilipoona Priscilla amesimama mlangoni. Ni mwalimu wa hesabu, yuko likizo ya Agosti, anaona kila kitu. Alizitazama ndala, akanitazama, akarudi jikoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ndefu. Niandike yote kama yalivyotokea.

Nilifika saa nne kasoro. Gari lilikuwa uani, limeoshwa, na jua lilikuwa limelala juu ya boneti yote. Nilisahau kumsalimia mama. Nilikuwa bado naliangalia wakati lango lilipofunguliwa likaingia lile gari refu la Oliver. Akashuka Oliver. Akashuka Mourine. Halafu, mlango wa nyuma, akashuka Priscilla.

Kumbe Oliver aliwaalika wote waje wamwone akinunua gari.

Mke wangu alivuka ua polepole, akasimama mbele yangu. "Baba Liz," alisema, "kumbe Ndhiwa imehamia huku?"

Nilisema shemasi alibadilisha mahali. Aliangalia viatu vyangu tu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimegusa pesa ya duka. Nikamwambia bado. Aliuliza tena, bado au hapana. Nilisema bado. Hapo niliona macho yake yakijaa maji, na furaha yote ya asubuhi ikanitoka. Miaka sita amevaa koti lilelile shuleni.

Min Bravin alituona, lakini hakuingilia. Alisema tuanze. Oliver akajitia mbele. Aliketi, akawasha, na ile sauti! Nzito, ya chini, unaisikia tumboni kabla haijafika masikioni. Taa zote za machungwa zilikuwa zinawaka. Oliver akakanyaga mafuta mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Alicheka. Min Bravin alipitisha mkono dirishani, akazima injini, akachukua ufunguo. Alimwambia asante kwa kufika, chai iko mezani.

Zamu yangu. Mama alikaa pembeni yangu. Niliwasha. Nikangoja. Taa ya kwanza ikazimika, ya pili, ya tatu. Nilikuwa mtulivu kama daktari. Nilimwona akitikisa kichwa kwa kukubali, na nikajua gari ni langu.

Kisha nikaachia klachi.

Lilizimika. Nikawasha, likazimika. Mara ya nne liliruka mbele, nikapiga kelele, tukaingia kwenye maua ya mama hadi bampa likaweka mdomo kwenye ukuta wa matofali. Halikuumia. Maua ndiyo yaliumia. Min Bravin alishuka, akapapasa bampa kwa kiganja, akapapasa tena. Nilitaka kuomba msamaha lakini nilichosema ni kwamba gia za Uingereza ziko tofauti.

Ndipo Priscilla akauliza kama anaweza kulitoa pale kwenye maua.

Alivua viatu. Aliliwasha, akarudi nyuma kwa mkunjo mmoja safi, akasimama katikati ya ua kana kwamba kuna mstari umechorwa. Sikuelewa. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa sijawahi kumwona akiendesha kitu chochote. Min Bravin aliingia akakaa mbele. Mimi nilijitupa kiti cha nyuma kabla ya kuambiwa nibaki.

Tulishika barabara ya Mbita. Ziwa upande wa kulia, vilima upande wa kushoto, lami nyeusi imenyooka. Alipanda gia ya pili, ya tatu, na sikuhisi anapobadilisha. Alingoja taa ya mwisho izimike. Kisha akakanyaga. Mgongo wangu uliingia kwenye ngozi ya kiti. Sauti ikafunguka, kama kwaya nzima imesimama kwa pamoja. Hakuna kilichotetemeka. Kwenye kona gari lilijilaza kidogo, likashika njia, likatoka kwenye kona likitaka nyingine. Alipoona punda mbele, alipunguza, akashuka gia mbili, na injini ikapandisha sauti kwa adabu. Nimeendesha magari kwa miaka kumi na tisa na leo ndiyo siku ya kwanza kupanda gari.

Min Bravin alivua miwani akafuta macho. Alimuuliza alijifunzia wapi. Priscilla alisema baba yake alikuwa dereva wa lori la tumbaku kule Kegonga, na hakuwa na mtoto wa kiume. Alimweka kwenye usukani akiwa na miaka kumi na minne.

"Nyara," mama akamwita, yaani binti yangu, "mzee wangu alikuwa anashuka gia hivyo hivyo. Nilidhani sitaisikia tena."

Tukarudi uani. Pale mama alizima injini, akamwekea Priscilla ufunguo mkononi, akamfunga vidole. Bei alisema watapanga wawili. Sharti moja tu: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi aje ampeleke kanisani.

Oliver alikuwa bado anakunywa chai.

Jumapili, 10 Agosti

Priscilla amezungumza baada ya ibada. Pesa ya duka haitaguswa. Gari letu la mayai litauzwa, Yakub tayari ana mnunuzi, na kilichobaki atakitoa kwenye akiba yake ya chama cha walimu, ambayo amekuwa akiiweka bila kujua ni ya nini. Mayai nitabeba kwa bodaboda.

Nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba anajua kuendesha. Alisema siku ya harusi yetu nilichukua ufunguo, na tangu siku hiyo sijawahi kuuliza nani aendeshe. Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliniuma. Nilikaa na jambo hilo mchana mzima. Nilimwomba msamaha kuhusu Ndhiwa, kuhusu pesa, hata kuhusu ndala. Alinisamehe kwa mpangilio huo huo, moja moja. Nimeahidi kwamba sitamficha kitu tena. Nilisema kwa moyo wote.

Alhamisi, 14 Agosti

Limefika nyumbani! Priscilla alilileta mwenyewe kutoka Homa Bay, mimi nikiwa pembeni nimeshika dumu la ile oili nzito ambayo Min Bravin alitupatia. Yakub alifunga duka akaja. Alilizunguka mara mbili, akaomba boneti ifunguliwe, akasimama pale mikono nyuma kama mtu aliyeingia msikitini. Hakugusa kitu. Alisema tu kwamba Wajerumani hao walikuwa hawana haraka.

Nimeliosha mara mbili tangu asubuhi. Viti vinanukia ngozi na, kwa mbali, marashi ya mama. Saa zake zote bado zinafanya kazi. Oliver alipita akapunguza mwendo, akaongeza, akapunguza tena. Nilimpungia kitambaa.

Priscilla ameanza kunifundisha klachi jioni, hapa uani tu. Leo lilizimika mara tatu. Amesema mguu unaanza kuwa na masikio.

Jumatano, 20 Agosti

Mteja wa Macalder amekuja kununua chakula cha vifaranga, tukazungumza. Kuna mnunuzi wa dhahabu kule ambaye amechoka na gari lake. Mercedes ya milango miwili, nyeusi, paa linafunguka! Kwa sasa haina magurudumu, na injini iko kwenye chumba kingine, lakini mteja amesema ni injini nzuri sana. Ukiwa na magari mawili ya maharusi, hiyo tayari ni kampuni.

Nimekwenda kwenye ukurasa wa akiba ya duka kuangalia tu.

Nimemwambia Priscilla kwamba Jumamosi nina mkutano wa wauza mashudu kule Nyatike. Kisha nimempigia yule mwenye dhahabu. Nimemweleza kwamba mke wangu hajui lolote kuhusu magari, kwa hiyo mimi na yeye tutaelewana upesi kama wanaume.

Ameniuliza kama mimi ndiye mume wa yule mwalimu wa M5 ya buluu.

Nimesema hapana.