Picha ya Kaimu Ukutani

Jumatatu, 8 Septemba

Kocha Suleiman ameondoka! Amepata kazi hotelini Diani, kufundisha watalii kuogelea, naye maji ya magotini humtia kiwewe. Nafasi ya kocha mkuu wa chuo chetu hapa Msambweni i wazi, na kaimu ni mimi, Kibwana. Kama nilivyokuwa kaimu alipoondoka Mzee Sharif, aliyewakimbiza vijana mchangani mpaka viatu vikaisha. Na alipoondoka Ngala, aliyepiga marufuku mahamri siku ya mechi. Kaimu, kaimu, kaimu! Hata mke wangu Mwanaima huniita kaimu mume. Safari hii sikubali.

Jumanne, 9 Septemba

Mpinzani nimeshamjua: Swabir wa idara ya umeme. Amekuja uwanjani na filimbi mbili shingoni. Mbili! Nikamuuliza ya pili ni ya nini, akajibu ya kipindi cha pili. Vijana wakacheka. Bi Fauzia, mkuu wa chuo, alikuwa dirishani, naye akatabasamu. Lile tabasamu limeniharibia chakula.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepata dawa! Ukumbini kuna picha za makocha wakuu: Sharif, Ngala, na tangu juzi Suleiman. Aliyetundikwa ndiye kocha. Basi na nitundikwe! Nimepigwa picha Ukunda. Mpiga picha, mtu wa bara, akanishauri niweke pozi la kibosi. Nimetoka kama mwenye jino bovu, lakini fremu ni ya dhahabu. Nimeitundika kabla watu hawajafika. Chini nimeandika Kocha Kibwana. Neno kaimu nimelisahau kwa makusudi.

Alhamisi, 11 Septemba

Mambo yanaiva! Bi Fauzia ameiona, machozi yakamlenga. Amesema chuo hakitanisahau, na kwamba anauheshimu uamuzi wangu. Uamuzi gani, sijui. Lakini mkubwa akikusifu, humwambii afafanue. Nikamjibu nimeufikiria sana. Kesho kuna pilau ya heshima yangu!

Ijumaa, 12 Septemba

Ya Rabi! Tumetoka msikitini, tukala pilau ya mbuzi, vijana wakaniimbia. Swabir akanikumbatia kwa furaha nisiyoielewa. Kisha Bi Fauzia akasimama, akasema hapa chuoni picha ya kocha haitundikwi mpaka awe anaondoka, kwa hiyo walipoiona yangu walijua nimeaga kiungwana, bila makelele. Nilitaka kusema ni makosa. Lakini pilau ya kuagwa nilikuwa nimeshaila, sahani mbili, na muungwana hali pilau ya kuagwa kisha asiende. Nimepewa kanzu. Swabir amepewa ukaimu. Nikalia mbele ya watu, wakasema masikini, alikipenda chuo. Nilikipenda kweli. Nakipenda.

Jumapili, 14 Septemba

Mwanaima amecheka mpaka akakaa chini. Anasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Anasema niende kwa Bi Fauzia nimweleze ukweli, ni mama mwelewa, atanirudisha. Ukweli! Wanawake hawajui mipango.

Picha ya Swabir ninayo, niliipiga siku ya pilau, mdomo umejaa nyama. Nimeisafishisha. Fremu ya pili imenishinda bei, basi nimeingia ukumbini, nikaitoa picha yangu katika ile ya dhahabu, nikamtia yeye, nikamtundika. Kesho Bi Fauzia ataiona, machozi yatamlenga, na pilau itapikwa. Swabir ataagwa, apende asipende.

Na nafasi ya kaimu itakuwa wazi!