Malalamiko ya Kupumuliwa Bila Ridhaa

Mheshimiwa Daktari wa Usingizi,

Pokea heshima zangu kabla ya hasira zangu. Mimi ni yule mnadi wa nguo sokoni, wanayemwita Redio, uliyemlaza Jumatatu ili atolewe kidole tumbo. Kidole kimetoka salama, sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni huu:

1. Uliniuliza kama katika ukoo wetu kuna mtu aliyechelewa kuamka baada ya kupewa usingizi. Nikajibu kwa moyo safi kwamba kaka yangu huamka saa tano mchana, tena yeye hapewi, hujichukulia mwenyewe. Ukacheka, ukaandika "hakuna".

2. Sindano ya kulegeza misuli ilikuwa ya dakika kumi. Mimi ilinilegeza saa nne nzima. Akili imerudi, masikio yanafanya kazi, lakini siwezi kupepesa ukope wala kuvuta pumzi. Niliogopa, daktari. Nilijua nimekwisha. Nawe ukanipumulia kwa mashine, na umeme ulipokatika ukaminya mpira wa hewa kwa mikono yako, bila kuniomba ruhusa. Tangu nizaliwe najipumulia mwenyewe.

3. Mke wangu aliponikuta kimya, alikuuliza kama dawa hiyo inauzwa madukani. Nilisikia! Nilikuwa na majibu saba, yote yakaishia kooni.

4. Umesema damu yangu haina kimeng'enya cha kuivunja dawa hiyo, na kwamba upungufu huo nimeurithi kwa baba na kwa mama pia. Pande hizo mbili hazikusemezana miaka thelathini. Sasa zimepatana, na zinakuja kukuona wewe.

5. Kwa hiyo nadai saa nne za kusema mfululizo, kwa cheti chenye muhuri, mke wangu asinikatize. Na ndugu zangu sitawaleta kupimwa damu kama ulivyoagiza. Tumeishi bila kimeng'enya hicho tangu enzi za babu, wala hatukukiulizia.

Nisalimie wauguzi wote, hasa yule aliyenifuta machozi nilipokuwa siwezi.

Wako mwenye uchungu,
Redio, mnadi

N.B. Aliyekuletea barua hii ni dada yangu, baba mmoja mama mmoja. Anapasuliwa kwenu Alhamisi. Tafadhali mpime damu kwanza, kabla ya sindano yoyote. Ikibidi kumpumulia, mpumulie hata kutwa, na mikono iwe yako, usimwachie mwingine. Sina dada mwingine.